Mtoto Anasoma Wapi?

Dar es Salaam kuna njia mbili za kujua mshahara wa mtu bila kumuuliza mshahara. Ya kwanza ni kumuuliza anakaa wapi. Hiyo ina pa kutorokea. Mimi nakaa Goba, ndani ndani huko ambako bodaboda huomba nyongeza kabla hajawasha pikipiki, lakini nikiwa mbele za watu wa heshima nasema "njia ya Madale", nao wanapata picha ya vilima na upepo. Ya pili ni kumuuliza mtoto wake anasoma wapi. Hapo umenaswa. Ukitaja shule, mwenzako anapiga hesabu ya ada papo hapo, anaizidisha kwa idadi ya watoto ulionao, kisha anaamua kama akusogezee kiti au akuache usimame.

Na nimechunguza misibani, harusini na kwenye foleni za benki: hakuna anayeuliza mtoto anasoma nini. Binti yangu ana miaka mitano, anahesabu mpaka mia na kurudi kinyumenyume, na anaweza kukueleza kwa nini bata halowi. Hayo hayana soko. Watu wanataka jina la shule.

Basi tukaanza kulitafuta hilo jina.

Masomo huanza Januari, lakini Agosti haijaisha nguzo za umeme zimeshavishwa mabango. Nguzo ya kwetu ina matangazo matatu: la viwanja, la mganga wa mapenzi na la shule. Yote matatu yanaahidi kubadilisha maisha yako, na yote matatu yanataka kianzio. La shule linasema "nafasi ni chache". Lilikuwepo mwaka jana. Jua limelichoma, masika yamelipiga, herufi zimepauka, na nafasi bado ni chache.

Tulipokuwa tunanunua kiwanja, dalali alituapia kwamba shule nzuri iko hatua chache tu. Hakusema uongo. Hatua chache kutoka kwetu kipo kibao cha shule nzuri. Kina mshale, na mshale unaelekea Bunju.

Majina nayo ni kizungumkuti. Kila kilima kuanzia Kimara mpaka Boko kimepata shule, na kila shule imejipa jina la kilima, la bonde au la mtakatifu, halafu mwishoni wakabandika "intaneshno". Katika moja ya hizo nilimuuliza mhasibu huo umataifa uko upande gani. Akafikiri kidogo, akasema mwalimu wa hesabu anatoka Uganda.

Hizi shule binafsi zina Mkurugenzi. Haonekani, lakini picha yake imetundikwa kila ofisi, chini kidogo ya picha ya Rais kwa ajili ya adabu. Anayekutembeza ni binti wa udahili, mwenye Kiingereza kinachokufanya uanze kusimama wima. Alitupitisha kwenye chumba cha kompyuta, ambacho kilikuwa na kufuli na mwenye ufunguo amesafiri. Akatupitisha maktaba, ambako vitabu vilikuwa bado kwenye plastiki ya dukani, visije vikachakaa kwa kusomwa. Akatuonyesha bwawa la kuogelea, ambalo kwa sasa ni shimo. Sehemu niliyoikuta ikifanya kazi barabara ni ofisi ya mhasibu: kiyoyozi kinapuliza, mashine ya risiti inaimba, na kiti cha mgeni ni laini kuliko vyote nilivyokalia pale.

Halafu kukawa na intavyu. Nikadhani sisi ndio tunamfanyia mwalimu. Hapana, anafanyiwa mtoto. Fomu ni shilingi elfu thelathini, hazirudi hata mtoto akishindwa, na shughuli yenyewe ni Jumamosi asubuhi, wazazi mmekalishwa kwenye viti vya chekechea, magoti yamefika kidevuni, mnasali kimoyomoyo.

Mwalimu akamwonyesha binti yangu picha ya ndizi, akamuuliza kwa Kiingereza hiki ni kitu gani. Mtoto akaikagua. Akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka, "Hiyo bado mbichi." Na kweli ilikuwa ya kijani. Bibi yake wa Muheza ana shamba la migomba, kwa hiyo lile lilikuwa jibu la kitaalamu. Mwalimu akaandika kitu kwenye karatasi. Ikaja picha ya ng'ombe. Mtoto akataka kujua kwanza ni wa maziwa au wa Idi. Mwalimu akaandika tena, na safari hii kalamu ilikaa sana.

Zamu yetu ikafika. Baba kazi yako? Mama je? Mnakaa kwenu au mmepanga? Ada mtalipa kwa mkupuo au kwa awamu? Mtoto aliulizwa wanyama na matunda; sisi tulichambuliwa mpaka mikopo. Baadaye ikaja meseji kwamba mtoto anashauriwa kuanzia darasa la chini yake ili ajengewe msingi. Ana miaka mitano. Huo msingi akaurudie wapi, tumboni? Wazazi, kwa upande wetu, tulikuwa tumefaulu: tulitakiwa tulipe kabla ya Ijumaa.

Kwa utaratibu wa serikali mtoto anaingia darasa la kwanza akiwa na miaka sita, baada ya elimu ya awali. Shule hizi zinamtaka mapema zaidi, wakati bado analala na nepi. Kuna bebi klasi, kuna midoklasi, kuna priyuniti, na mwisho wa yote kuna mahafali. Joho lipo, kofia ya chuo kikuu ipo, keki ipo, mgeni rasmi yupo, na mpigapicha anayedai chake hakosekani. Mwana wa jirani yangu amehitimu kuhesabu mpaka ishirini, na picha yake ya joho pale sebuleni imeifunika ya harusi ya wazazi wake.

Tuje kwenye karatasi ya ada. Juu huwa na namba moja kubwa iliyokolezwa wino, na chini yake namba ndogondogo zilizojibanza kama kunguni kwenye mbao za kitanda. Ile kubwa ndiyo ada. Ndogondogo ni usajili, chakula, basi, bima, kompyuta za kwenye kufuli, lile shimo, na kitu kinachoitwa "maendeleo", ambacho hakuna aliyewahi kukifafanua na hakijawahi kushuka bei. Zinafuata rimu za karatasi, sabuni, na karatasi za chooni kwa wingi ambao nilipoupigia hesabu nikaingiwa na wasiwasi kuhusu chakula chao.

Sare zinauzwa shuleni tu, ukinunua Kariakoo umevunja sheria. Ipo ya Jumatatu, ipo ya Jumatano, ipo ya michezo, na lipo sweta. Naomba nirudie: sweta. Dar es Salaam. Januari, mwezi ambao joto linapita nyuzi 30 na hata paka anahama kitandani kwenda kulala kwenye sakafu ya choo, mtoto wa miaka mitano avalishwe sweta la sufu lenye nembo kifuani. Nilimuuliza mwalimu mkuu linamkinga na nini. Akasema linampa mtoto utambulisho. Nikasema basi apewe kitambulisho, ni chepesi. Mama watoto akanikanyaga mguu chini ya meza.

Halafu kuna basi. Mzazi wa pembezoni mwa jiji hachagui shule, anachagua basi. Shule ni kituo cha mwisho tu. Ipo moja iliyo kilima cha pili kutoka kwetu, ukisimama barazani unaiona bendera yake. Nikauliza basi linapita saa ngapi. Saa kumi na moja kasoro robo. Ya jioni? Ya alfajiri. Dereva akanichorea ramani: anaanza kuokota watoto Goba, anakwenda Madale, anazunguka Wazo mpaka Tegeta, anageuza, anarudi Goba, anapita mbele ya nyumba yetu saa moja kasoro, ndipo anapanda shuleni. Yaani binti yangu aamshwe gizani, azungushwe mpaka kiwanda cha saruji, kisha apitishwe mbele ya kitanda chake mwenyewe akiage kwa mara ya pili. Nikamwomba amchukue kwenye hiyo mara ya pili. Akanitazama kwa huruma. "Mzee, hiyo si ruti. Hapo napita tu."

Masika yakishika, barabara yetu ya udongo hubaki jina na basi haliingii kabisa. Mtoto anabebwa mgongoni mpaka kwenye lami. Ada ya basi haipungui, kwa maelezo kwamba basi lilikuja, barabara ndiyo haikuja. Majogoo wa mtaa wetu siku hizi wanasubiri honi ndipo wawike.

Jirani mmoja alilimaliza tatizo la basi kwa kumpeleka mwanawe wa darasa la pili bweni. Serikali ikamrudishia mzigo wake: tangu Machi 2023 bweni limezuiwa kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, labda shule iwe na kibali maalumu. Alilalamika sana kwamba serikali inaingilia malezi yake, wakati malezi yenyewe alikuwa ameyakodisha mkoa mwingine.

Wapo wanaokushauri uangalie matokeo. Zamani Baraza la Mitihani lilikuwa linatangaza shule kumi bora, angalau ugomvi ukawa na mwamuzi. Januari 2023 likaacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Ungedhani mabango yangeshuka. Yakaongezeka. Mwamuzi ameondoka uwanjani, kila timu imejipa kombe: ya kwanza kikata, ya kwanza kwa Hisabati, ya kwanza kati ya shule zenye watahiniwa chini ya arobaini. Nimeiona moja iliyo ya kwanza mtaani kwake. Mtaa una shule moja. Kisichoandikwa kwenye bango ni idadi ya watoto walioambiwa wakariri darasa au wahame mwaka mmoja kabla ya mtihani, wasije wakauchafua wastani.

Wala haimaanishi kwamba ukishalipa umemaliza. Kuna mzazi hapa kwetu analipa mamilioni kwa mwaka, halafu Jumamosi mwalimu yuleyule anakuja sebuleni kwake, kwa malipo ya pembeni, kumfundisha mtoto kile ambacho Jumatatu hakukifikia.

Shemeji yangu hana mtoto, kwa hiyo anajua malezi yote. Akatuambia tuache kuringa, mtoto aende Kayumba, yaani shule ya serikali, kama tulivyosoma sisi. Hoja ina uzito. Mimi ni zao la Kayumba: nilikaa chini, nikabeba fagio la chelewa na kidumu cha maji, na nikatoka najua kusoma, kuandika na kuhesabu. Tukaenda.

Mwalimu mkuu alitupokea vizuri kuliko wote, maana hana mhasibu wa kututisha. Ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na waraka wa mwaka 2015 ukafuta na michango ya lazima kuanzia Januari 2016. Watoto waliokuwa nyumbani kwa kukosa hela ya mchango wakaja, wakaja na wadogo zao, na vyumba havikuzaana kwa kasi hiyo. Kiwango rasmi ni watoto 45 kwa darasa. Alitufungulia mlango wa darasa la kwanza na sikuuona ukuta wa nyuma. Niliona vichwa. Mbele ya vichwa alisimama mwalimu mmoja, mama wa makamo, anafundisha silabi kwa chaki iliyobaki ukubwa wa punje ya hindi, na watoto walikuwa wanazishika. Anafundisha kweli. Kati ya watu wote niliowatembelea, yule ndiye pekee niliyemkuta akifundisha, na yeye ndiye asiye na nafasi hata ya kupita katikati ya madawati.

Wakati wa kuagana mwalimu mkuu alitusindikiza mpaka getini. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akauliza kwa sauti ya chini: "Huko mlikopita, ada wanapokea kwa awamu ngapi? Ninaye mjukuu."

Kiini cha purukushani yote hii kinajulikana. Shule ya msingi ya serikali inafundisha kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Mtoto anamaliza msingi akijua vizuri jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, anaingia kidato cha kwanza anakuta mmea uleule hautaki tena kusemeshwa Kiswahili. Mzazi anaogopa siku hiyo, kwa hiyo anaanza kuilipia mtoto akiwa na miaka mitatu. Zipo shule chache za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza tangu msingi, kama Olympio na Diamond za mjini, na kila mzazi wa Dar amewahi kuziwaza kwa usiku mmoja. Asubuhi anakumbuka kwamba yeye yuko Goba, na kwamba wazazi wengine wote nao wameamka na wazo hilohilo.

Ukitaka kuona tunachokinunua, nenda nyumbani kwa yule mhitimu wa joho. Shuleni kwao Kiswahili hakiruhusiwi, na mlangoni pa ofisi kuna kibao kinachosema bila Kiingereza hakuna huduma. Bibi yake alipofika kutoka kijijini, mtoto akamsalimia kama alivyofundishwa. Bibi akamgusa paji la uso, akamgeukia mwanawe: "Ana homa tangu lini huyu?"

Kwetu, kura ya mwisho ilipigwa na mama mkwe, kwa simu, kutoka Muheza. Mabango hayakumhusu, matokeo hayakumhusu. Alitaka aongee na mpishi. Tukampigia tukiwa jikoni kwenye shule ndogo iliyo mtaa wa tatu kutoka kwetu, shule binafsi isiyo na kilima wala mtakatifu kwenye jina. Akauliza maharage wanayaunga kwa nazi au kwa maji matupu. Mpishi akajibu shikamoo kwanza, akamwita shangazi, akasema nazi wanakuna wenyewe. Mjadala ukafungwa. Shule haina bwawa wala shimo. Mtoto anakwenda kwa miguu, kashikwa mkono na dada, na anaamka jua likiwa limeshatoka. Yeye mwenyewe hakuna aliyemuuliza. Angeulizwa, angechagua shule yoyote yenye sungura.

Kwa hiyo anasoma, anakula na analala. Tatizo limebaki kwangu, ninayeulizwa. Nikiitaja hiyo shule watu hukaa kimya kidogo. "Ooh. Ni mpya?" Ina miaka kumi na miwili. "Aah. Kwa hiyo mnaanzia hapo kwanza." Sauti inashuka kwenye hilo "kwanza", na mkono unanigusa bega, kama niliyefiwa.

Mama watoto hajapoa. Kwa sera mpya elimu ya msingi inakuwa miaka sita, kwa hiyo mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, na kidato cha kwanza cha 2028 kitapokea vikosi viwili kwa mpigo. Binti yetu hayumo katika hesabu hiyo hata kwa bahati mbaya. Hata hivyo mama yake ameshaanza kuulizia sekondari, kwa sababu, anasema, nafasi ni chache.

Majuzi kijana wa ofisini kwetu, ambaye mtoto wake anaanza mwakani, alinifuata nimshauri. Nikaona nimtendee haki. Nikamwambia asiende siku ya wazazi, aende siku ya kawaida, saa nne, wakati wa uji. Aombe kuonyeshwa choo cha watoto, aone kama maji yanatoka na kama mlango unafungika. Amuulize mwalimu wa darasa la kwanza yupo pale tangu lini, maana shule inayobadilisha walimu kila muhula ina mtu isiyemlipa. Aokote daftari la mtoto yeyote, aangalie kama kuna mtu anasahihisha au vema zimemwagwa mpaka penye makosa. Alfajiri moja apande basi yeye mwenyewe, ruti nzima, mwanzo mpaka mwisho. Na zile namba ndogo azijumlishe kabla hajaipenda ile kubwa.

Kijana alisikiliza kwa adabu, akaandika kila kitu kwenye simu, akanishukuru sana. Alipofika mlangoni akageuka.

"Samahani, kaka. Hiyo ya kwenu, sweta lao rangi gani?"